Dosiye ya Ng'ombe Wangu

Wakati tulikaa Mutarule, mama alikuwa na tabia moja. Baba akipanda milimani Mulenge kuangalia ng'ombe, mama anaweka viatu vya baba vikuukuu mlangoni. Mtu akipiga hodi, "Mwenye nyumba iko?", mama anajibu kutoka ndani, "Iko, analala." Siku moja kuku alitaga ndani ya kiatu kimoja, lakini hilo tuliache. Tangu pale, nikisikia kitu kiko, siamini upesi. Hata sokoni nikiambiwa chumvi iko, ninainama kwanza niione. Marehemu mke wangu alinichoka kwa hilo.

Basi siku nilipoambiwa karatasi ya shamba langu la Kiringye iko, sikufurahi.

Karatasi yenyewe ilioza ziwa lilipopanda na kuingia nyumbani kwangu hapa Uvira. Na kule Kiringye jirani alikuwa amekwisha kusogeza mpaka hatua nne, analima mu mihogo yangu. Tumaini langu lilibaki chama chetu cha wakulima: walisema wamepiga picha karatasi zetu zote, wameziweka mu ordinatere, ile masini ya kompyuta. Binti wa dada yangu ndiye aliyeandika programu ya kuzitafuta. Nikamfuata mu ofisi ya chama, akaandika jina langu.

"Iko, mujomba."

"Nionyeshe."

"Picha zitatolewa juma lijalo. Leo tunaangalia tu kama dosiye ya mutu, faili la karatasi zake, iko ao haiko."

"Na kuna mutu masini imekwisha kumwambia haiko?"

Akafikiri. "Hapana. Wote wako."

Wote! Hata wale wavivu ambao hawakuleta karatasi? Nikamtajia jina lingine, aliandike.

"Na huyu iko."

"Huyo ni ng'ombe wangu. Ule mwekundu."

"Weye mujomba!" Akacheka, kisha akaacha kucheka. Akateremsha kidole polepole kwenye mistari aliyoandika. "Minye niliiambia: kama dosiye haiko, itengeneze, masini isikwame. Kisha ndipo inauliza kama iko."

"Yaani unajenga nyumba, halafu unapiga hodi uone kama kuna nyumba?"

Akaifungua dosiye yangu yeye mwenyewe. Ndani hamna kitu. Masini ilionyesha saa ya kuzaliwa kwake: ileile tuliyokaa pale. Dosiye ya ng'ombe ilikuwa chini yake, nayo tupu, tumelingana.

"Labda picha yako iko mu masini ingine," akasema. "Nipe siku mbili. Kaa kidogo, mujomba, usikasirike."

Sikukasirika. Nilikuwa ninawaza wazee wawili wa Kiringye walioniona nikipanda miti ya ule mpaka. Mmoja anakohoa vibaya siku hizi. Siku mbili ni nyingi.

"Sasa unaenda wapi?"

Nilikuwa nimekwisha kutoka, ninatafuta pikipiki ya kwenda Kiringye. Mu ile ofisi sijakanyaga tena.