Mlimau wa Marehemu Gvozden

Kila mwaka, Aprili ikielekea ukingoni, Spasenija alianza kuutoa nje mlimau wa marehemu mumewe, na ole wake ambaye angemharakisha. Siku ya kwanza nusu saa, chini ya mjozi, penye kivuli kizito. Siku ya pili saa nzima. Zilipita wiki mbili kabla mti haujaonjeshwa jua la mchana, maana majani yaliyokaa miezi sita nyuma ya kioo ni laini mno. Gvozden aliuotesha kwa mbegu, na alipokuwa akikata roho aliusia mti huo tu.

"Unaudekeza kuliko ulivyomdekeza Ljubiša," jirani yake, Vidosava, alimchokoza.

"Mti haunikatii simu, shoga."

Ljubiša, mwanawe wa pekee, aliishi mjini Novi Sad. Walikuwa wamenuniana tangu mazishi ya Gvozden. Lakini slava ya kwanza tangu hapo ilikuwa inakuja, sikukuu ya Mtakatifu Georgi, mlinzi wa ukoo wao, na siku hiyo haalikwi mtu. Anayekupenda huja mwenyewe. Spasenija alikuwa na hakika kwamba mwanawe angekuja, na wangepatana.

Mwaka huo baridi ilikawia kuondoka, na mlimau ulikuwa umetoka siku mbili tu. Asubuhi ya sikukuu, mwanamke aliyewafundisha majirani wote subira akausukuma kwa kigari hadi langoni, juani kabisa, ili Ljubiša akifika auone kwanza mti wa baba yake. Saa moja haitaudhuru, alijiambia. Akarudi ndani, akawasha mshumaa, akaketi mbele ya mkate wa sikukuu. Saa sita ikapita, saa nane ikapita. Hata mawifi hawakutokea. Aliona aibu kwenda langoni, watu wasije wakasema anawinda wageni.

Saa kumi simu ikalia.

"Mama, tunakungoja tangu saa sita. Supu imeshapoa. Shangazi wote wapo."

"Wapo wapi?"

"Hapa kwangu. Baba hayupo, slava sasa ni yangu. Si ndiyo desturi?"

"Hukunialika, Ljubiša."

"Slava haina mwaliko, Mama. Wewe ndiye uliyenifundisha."

Alisema kweli, na hilo ndilo lililomchoma zaidi. Basi la mwisho lilikuwa limeshaondoka.

Akatoka. Upande wote wa jua majani yalikuwa yamebabuka, yamepauka kama karatasi. Hasira zilimpanda, na hakuwa na wa kumkasirikia isipokuwa nafsi yake. Akauvuta mti kivulini, kazi bure.

"Utachipua tena," alisema Vidosava kutoka ng'ambo ya ua. "Nimeisikia simu. Kwani Ljubiša kasemaje?"

"Kasema ananingoja." Spasenija alifuta mikono kwenye aproni. "Njoo ule, Vidosava. Nimepika chakula cha watu ishirini."