Ukimwamsha huyu mtoto, utaogelea mpaka nyumbani

Wadada, leo nimemlisha mtoto wa ziwa samaki!

Mume wangu, Baba Neema, kazaliwa Uvira, kando ya ziwa Tanganyika. Jana tukifunga mizigo nyumbani Rissne, huku ughaibuni, akanikataza kubeba nyama. "Mama Neema, beba unga na chumvi. Mboga iko majini."

Basi leo tuko kwenye ziwa la msituni na mtumbwi wa kukodi, maduka yako mbali, na tuna bugali bila mboga.

Yeye anapiga maji kwa kasia, pwaa! pwaa! Kwao ndivyo wanavyofukuzia samaki wavuni.

Lakini sisi wavu hatuna, jamani. Tuna ndoano moja!

Neema akaanza kulia njaa kwa Kiswidi: "Mamma, jag är hungrig." Njaa ya mtoto inauma kwa mama. Nikampakata, nikamwimbia mpaka akalala.

Baba mtu akainua tena kasia.

"Weye! Ukimwamsha huyu mtoto, utaogelea mpaka nyumbani."

Akatulia. Maji nayo yakatulia. Nikachukua fimbo kwa mkono mmoja, nikashusha ndoano kando ya matete.

Kidogo tu, fimbo ikapinda!

Gös, kama wanavyomwita huku! Samaki mwenye macho ya kung'aa kama kioo, mnene huyo! Akaja wa pili, akaja wa tatu. Tukashangilia kwa kunong'ona.

Tulipofika ufukweni, Neema kaamshwa na harufu ya samaki motoni. Kala, kalamba vidole.

Sasa baba yake yuko kwenye simu na mama mkwe wangu: "Mama, nimevua!"

"Na mke wako?"

"Alikuwa anabembeleza mtoto."

Jamani, nimjibu nini huyu?