Minazi ya Mlali

Siku yangu ya kwanza kazini, katika kituo kidogo cha televisheni mjini Dodoma, miaka ile vituo binafsi viliporuhusiwa, nilipewa poda, koti la kuazima na onyo. "Binti," Mhariri Mkuu aliniambia, "koti ni la kituo, lakini uso ni wako." Nilicheka. Mimi nilitaka tu kuonekana.

Nilikuwa msomaji wa habari. Mwandishi akirudi na kanda ya video, fundi aliihariri, nami nilisoma utangulizi, yaani maneno machache kabla ya picha. Kanda zilikuwa adimu, kwa hiyo Meneja Masoko, mtafuta matangazo wetu, alipoleta moja iliyohaririwa tayari, tuliipokea kwa shangwe. Ndani yake alikuwamo daktari wa koti jeupe, na ilikuja na utangulizi uliokwisha kuchapwa. Sikuitazama kwanza. Nikasoma kwa mbwembwe: "Mwandishi wetu amemtembelea mkulima wa Mlali aliyepona presha kwa vidonge vipya."

Picha ikaja. Mkulima wa Mlali, kwetu bara kwenye mtama na alizeti, amesimama kwenye shamba la minazi kama yuko pwani!

Kesho yake sokoni hakukupitika. "Dada wa habari, Mlali minazi imeota lini?" "Tuletee madafu basi!" Watu wa Dodoma kwa utani hawajambo, hata mimi nilicheka mpaka machozi. Kicheko kilikatika nilipofika mtaa wa Majengo kwa mama mdogo, mgonjwa wa presha wa siku nyingi. Alikwisha kutupa vidonge vya hospitali, akanunua vile vya kwenye kanda.

"Shikamoo mama. Lile lilikuwa tangazo la wauza dawa. Rudi hospitali."

"Marahaba. Si wewe uliyesema ni habari? Sasa nimwamini yupi, wa kwenye televisheni au huyu anayekula ugali wangu?"

Niliogopa, nikaona na aibu. Niliporudi kituoni, Meneja Masoko alisema kampuni ya vidonge inataka kanda irudiwe jioni ile, neno kwa neno, ama nitafute kazi nyingine. Mhariri Mkuu alinipa lile koti.

Taa nyekundu ya kamera ilipowaka nikasema: "Mkulima mliyemwona si wa Mlali. Ile haikuwa habari, ilikuwa tangazo la dawa, na aliyewasomea ni mimi. Naomba radhi. Mwenye presha asiache dawa za hospitali. Mama mdogo, unasikia?"

Meneja alinifukuza palepale. Asubuhi Mhariri Mkuu akanirudisha. Alisema simu haijatulia, watazamaji wanauliza kama mama mdogo amesikia.

Baadaye nilihamia redioni, nikawa mhariri, na sasa nimestaafu. Vijana wakiniuliza ni siku gani kazi ilinipa furaha kuliko zote, nawatajia ile niliyomsindikiza mama mdogo hospitali. Alimsogelea muuguzi, akasema kwa sauti kila mtu asikie:

"Nipe vile vya zamani. Mwanangu amesema."