Kiberiti cha Mjomba

Niliporudi Garsen na diploma yangu ya maabara, mafuriko makubwa ya mto yalikuwa yamepungua na watu walikuwa bado wanaanika magodoro. Hakuna aliyenisomesha. Karo niliipata kwa kuosha masufuria hotelini Nairobi usiku, mchana nikaingia darasani. Hadubini niliinunua mwenyewe, na chumba cha maabara nikakipaka chokaa kwa mikono yangu. Nayasema haya kwa sababu mji mzima ulijifanya haukuona.

Ulikuwa mji wa wajuaji. Homa yoyote ilikuwa malaria, tumbo lolote lilikuwa amiba. Mwenye duka aliyepima kilo za sukari ndiye huyo huyo aliyegawa vidonge, na watu wakamshukuru. Mimi, niliyeuona ugonjwa kwa macho yangu, waliniita daktari wa choo.

Aliyelianzisha jina hilo ni mjomba wangu, kaka yake mama, mkulima wa kijiji cha Chara na mzee wa kanisa, mtu ambaye harusi haikuanza kabla hajaketi. Mwaka ule alishikwa na homa iliyokuwa ikienda na kurudi. Alimeza dawa za malaria mpaka masikio yakamvuma. Akakonda, mashati yakabaki kumning'inia. Mkewe akaja maabara kuninong'oneza kwamba mzee anaona damu akienda haja kubwa, na amemkataza kusema.

Nikampa kiberiti kitupu, maana sampuli zote za choo zililetwa hivyo. "Mkaza mjomba, mwambie atie kidogo tu humu."

Kiberiti kilirudi kimeviringishwa gazeti. Nikatazama. Hakukuwa na damu wala amiba. Kilikuwa choo cha mtu mzima wa afya. Nikaagiza kingine, kikawa vilevile. Na mzee anazidi kuisha.

Basi nikaenda Chara kumtoa damu mwenyewe. Alininyooshea mkono huku akitazama kando, kana kwamba namwibia. Malaria haikuwamo. Damu nyingine nikaitia kwenye chupa ya supu ya kuoteshea bakteria, nikaituma kwa basi hadi kwa mwenzangu wa chuo, aliyekuwa akifanya kazi katika maabara kubwa ya Mombasa.

Jibu lake nililipokea kwa simu ya posta. "Kilichoota ni bakteria wa utumbo," alisema. "Unakumbuka mwalimu alisema nini?"

Nilikumbuka, mimi sikusoma ili kupita mtihani tu. Mwalimu alitufundisha kwamba wako bakteria wanaokaa kimya katika utumbo mpana, na wakionekana kwenye damu, tusiridhike na kuitibu homa. Tuutafute uvimbe wa saratani, kwa sababu huenda ndio uliowafungulia njia. Kama wao nao huuchochea uvimbe huo, alisema, wataalamu walikuwa bado wanabishana.

Nilimkuta mjomba uani na wazee wenzake waliokuja kumwombea. Nikawaeleza yote, taratibu, kama mtu anayesomesha chekechea.

"Wadudu wa choo wapande kwenye damu?" mjomba akacheka. "Walipanda ngazi gani, daktari wa choo?"

Wazee wakacheka naye.

"Mjomba, nenda Mombasa ukaangaliwe utumbo. Ukingoja, utakufa."

"Si wewe uliyesema choo changu ni safi? Mara mbili! Au diploma yako imeanza kuota kutu?"

Hapo mkewe akaiweka chini sinia ya chai. "Wewe mzee, utakufa na heshima yako! Viberiti vyote viwili vilikuwa vyangu. Ulinituma nitie changu!"

Kisha mzee mmoja akasema, "Kumbe shemeji ndiye mzima," na wakaangua kicheko, ila safari hii mjomba hakucheka.

"Mtoto wa dada yangu achungulie uchafu wangu kwenye mashine?" aling'aka. "Halafu kesho tukae pamoja kwenye mambo ya mahari?"

Huo ndio ujinga niliokuwa nikipigana nao. Mtu yu radhi azikwe, mradi mpwa wake asijue kwamba naye huenda chooni.

Alikwenda Mombasa, kwa sababu mkewe aliapa kulitangaza jambo hilo kanisani. Daktari wa upasuaji aliukuta uvimbe kwenye utumbo mpana, haujasambaa, akaukata. Mjomba aliporudi alimshukuru Mungu, mchungaji, daktari yule, hata kondakta wa basi. Mimi hakunitaja.

Miezi ikapita. Asubuhi moja, maabara imejaa watu, akaingia na fimbo yake, akatoa kiberiti mfukoni mwa shati na kukiweka mezani kwangu.

"Pima kama damu imerudi."

"Choo cha nani hiki?" nikauliza, kwa sauti ya kusikika.

Watu kwenye foleni wakageuka. Akanikazia macho.

"Changu, mpumbavu wewe."

Nikamwonyesha benchi. Akaenda akaketi mwisho wa foleni.