Nikiingia siruhusiwi, nikitoka hatutoshi

Wasee, leo nimejifungia nje kwa sheria yangu mwenyewe.

Niko saiba hapa stendi ya Kawangware 56, nawaandikia kwa kompyuta ya kukodi.

Mnajua ile kamati yetu ya kongamano la wanafunzi wa uinjinia. Leo ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya kuchagua mada zitakazowasilishwa huko. Yangu ni ile ya mabomba ya maji ya Kibera, kwetu.

Sheria inasema mada yako ikijadiliwa, unatoka. Nikatoka, nikasimama kwa korido nikiomba Mungu.

Nikasikia makofi!

Mwenyekiti akafungua mlango. "Adhiambo, imepita! Wote tumesema ndio."

Niliruka, wacha tu.

Halafu Wafula, katibu wetu, akauliza polepole, "Alipotoka, tulibaki wangapi?"

Wanne. Na kikao bila watu watano si kikao. Mwenzetu mmoja ni mgonjwa, hakuja.

"Basi aingie turudie kura," mwenyekiti akasema.

"Akiingia, anajipigia kura. Akitoka, hatutoshi," Wafula akajibu.

Mwenyekiti akashika kichwa. "Kwani nani alileta hii sheria ya kutoka?"

Wote wakaniangalia.

Ni mimi, jamani! Niliileta ili watu wasiseme tunapendeleana.

Mada ikaanguka hivyo.

Na Mama, kwa imani yake, ameshatangaza kanisani kwamba mtoto wake ataongea mbele ya mainjinia. Kesho ni Jumapili. Ameniwekea kiti cha mbele.

Nimwambie nini? Maana hata mtu mmoja hakunikataa.