Mwimbaji Asiyejulikana

Nimekasirika, na asiniambie mtu nitulie.

Mama yangu mdogo anauza vitenge sokoni Nakivubo. Ukimsikia pale akibishana na wateja kwa Kiswahili chake cha Kongo, huwezi kudhani kwamba aliwahi kujaza kumbi za Kampala hii hii. Ujanani aliimba katika bendi iliyotoka kwao, na bendi ile ilikuwa na kadi zake: mbele picha ya mwimbaji, nyuma jina la bendi. Jina la mwimbaji hutalikuta popote. Mwenye bendi alikuwa mjanja. Aliogopa kwamba mwimbaji akishajulikana kwa jina, bendi nyingine itamnyakua. Basi watu walinunua kadi mlangoni, na wakimtaka fulani aimbe, waliinua kadi yake juu. Mama mdogo anasema ilifika siku akatazama kutoka jukwaani, akaona sura yake mwenyewe imejaa ukumbi mzima, na hakuna hata mmoja aliyejua anaitwa nani.

Mwaka huu bwana mmoja anayekusanya kadi hizo ameziweka kwenye maonyesho, katika mkahawa mmoja wa Bugolobi. Nikaenda kuona. Nikamkuta mama mdogo ukutani, ndani ya fremu, na gauni lake la kumetameta na kipaza sauti mkononi. Chini wameandika, "Mwimbaji asiyejulikana." Ebo! Asiyejulikana na nani? Nakivubo nzima inamjua!

Nilipomweleza, aliendelea kukunja kitenge alichokuwa nacho. Kisha akasema, "Mwanangu, nipeleke. Nataka nione jina langu chini ya ile picha kabla sijafa."

Tukaenda. Yule bwana alimtazama, akaitazama kadi, akauliza kwa adabu zote, "Mama, una uthibitisho wowote?"

Uthibitisho! Mwenye sura amesimama mbele yako kwa miguu yake miwili, wewe unamdai karatasi! Nilifoka hadi wanywa kahawa wakageuka. Eti anazipenda kadi hizi miaka yote, anazifuta vumbi, anazipangia taa, na hajawahi kujiuliza hawa watu wanaishi wapi! Mama mdogo alinishika mkono. Akasogea karibu na picha, akageuza shingo vile vile alivyoigeuza pichani, akatabasamu. Mwanya ule ule.

Yule bwana aliomba msamaha, na nakiri aliomba vizuri. Akaketi naye, akaandika jina lake herufi kwa herufi, akaahidi kubandika karatasi mpya.

Na kweli akabandika. Jumapili iliyofuata mama mdogo alivaa kitenge chake kizuri kuliko vyote dukani, tukarudi. Jina lilikuwa pale, kwa herufi kubwa, halina kosa. Alilisoma polepole, akalisoma tena kwa sauti. Sijawahi kumwona na furaha ya namna ile.

Wakaja vijana wawili, simu mikononi. Mmoja akalisoma jina, akamwambia mwenzake kwamba huyu alikuwa nyota, lazima wapige picha. Akamgeukia mama mdogo.

"Samahani, mama, sogea kidogo. Unatuzibia."

Nilifungua mdomo niwaoshe kwa maneno. Mama mdogo akanibana mkono kwa nguvu. Na yeye, jamani, yeye mwenyewe, akawaomba radhi, akasogea.