Sombe Bila Mawese

Jirani yangu hapa Katuba amelilazimisha gari lake kuukuu kutoka topeni, na harufu ya ambreyaje, yaani klachi, iliyoungua imeingia jikoni kwangu. Nimeacha kukoroga sombe, kisamvu chetu.

Harufu ilikuwa hiihii siku lori la samaki lilipogoma baada ya kupita kijiji cha Kasomeno, tukirudi hapa mjini, enzi za Élisabethville. Baba ndiye aliyeliendesha. Mimi nilikuwa mapajani mwa mama, na bidoni, dumu la mawese alilopewa na dada yake, ilikuwa miguuni petu. Ghafla injini ikanguruma, lori likabaki palepale. Baba akabadilisha gia, akaachia pedali polepole. Bure.

"Moteri iko muzima," akasema. "Ni ambreyaje. Iko inateleza."

Wachuuzi waliokaa juu ya masanduku ya samaki wakapiga kelele: "Baba, barafu inaisha! Samaki itaoza!"

Baba akang'oa ubao wa sakafu, akaingiza mkono, akautoa mwekundu wa mafuta. Akaonja kidole. Akaitazama bidoni, kifuniko chake kimelegea, kisha akamtazama mama, ambaye alikuwa anatazama barabara tu.

"Bamama, muvumilie," akawapazia sauti wachuuzi. "Hii motokari ni muzee."

Akaomba majivu kwa wachoma makaa wa kando ya barabara, akayamwaga mle ndani yanywe mafuta. Lori likaondoka likitetemeka.

Jioni ile mama hakuigusa bidoni. Akapika sombe kwa maji na chumvi. Baba akala, akalamba vidole.

"Mama, leo sombe iko muzuri sana," akamwambia.

Mama akainama, akamwongezea na fungu lake mwenyewe.